Binti Yako Ameanza Mashindano ya Barafu? Haya Ndiyo ya Kulipia Kwanza

Kila msimu unapoanza, kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama wa hapa Calgary hatumkosi mmoja mwenye habari mpya: mtoto wake amemaliza masomo ya kuteleza ya wanaoanza, kocha kasema ana kipaji, aingizwe mashindano ya madoido (figure skating), yale ya kuruka na kuzunguka barafuni kwa muziki. Safari hii ni dada mmoja wa Arusha, binti yake ana miaka minane. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa gauni linashonwa wapi, na kama vile vimawe vinavyometameta vinauzwa kwa pakiti au kimoja kimoja.

Gauni ni la mwisho, mama. Nimeona bora niyaandike haya yote mahali pamoja, kuliko kumtumia kila mtu ujumbe wa sauti wa dakika kumi.

Binti yangu yumo kwenye mchezo huu tangu enzi za kofia ngumu ya hoki iliyomzidi kichwa, na sasa anashindana ngazi ya Pre-Novice. Mimi mwenyewe barafuni sisimami bila kushika ukuta. Nimezaliwa Tanga, barafu niliyoijua ni ile ya kuuzwa kwenye vifuko, ya ukwaju na ya maziwa. Ninachokijua nimekipata kwa kukaa jukwaani na blanketi miguuni, kulipa ankara, na kuwauliza makocha maswali mpaka wakanizoea.

Kwanza ngazi zenyewe. Hapa Kanada mtoto huanzia CanSkate, mpango wa wanaoanza wenye hatua 6, na katika kila hatua anapimwa mambo matatu: mizani, udhibiti na wepesi. Kofia ya hoki ni lazima mpaka apite hatua ya 5, na usibishane na kocha kuhusu hilo kwa sababu ya nywele. Akitoka hapo anaingia STAR, mpango unaofuata, ndimo yalimo mashindano yake ya kwanza. Kwenye ngazi za chini kabisa za STAR watoto hawapangwi wa kwanza hadi wa mwisho. Kila mmoja anapimwa kwa kiwango kilichowekwa, anapewa utepe, mnarudi nyumbani. Wazazi wetu wengi hili huwaudhi. Nimemsikia baba mmoja akiuliza kwa sauti, "Sasa nani kashinda?" Hakuna aliyemjibu. Wanaoendelea na njia ya ushindani wenyewe hupanda Juvenile, Pre-Novice, Novice, Junior mpaka Senior, na hakuna sheria kwamba kila mwaka unapanda darasa kama shuleni. Mtoto kukaa ngazi moja misimu miwili ni jambo la kawaida.

Sasa nije kwenye lenyewe. Chuma cha kiatu cha barafu ukikigeuza na kukitazama kwa karibu, si bapa kama kisu. Katikati kina mfereji mwembamba, na pande zake mbili ndizo makali: ya ndani na ya nje. Anayejua kuteleza hasimami juu ya chuma chote kwa mpigo, huegemea kali moja, na kila kali lina njia yake ya kupinda, mbele na nyuma. Mazoezi ya makali yanachosha kuyaangalia. Mtoto anazunguka uwanja akichora nusu duara, nusu duara, nusu duara, kocha anasema "goti", anarudia. Wewe jukwaani unajiuliza unalipia nini. Upande wa pili wa uwanja mtoto wa mwenzako anaruka, anaanguka, anainuka, mama yake anarekodi video. Ukitoka hapo unamwambia kocha wako, "Na wetu ataanza kuruka lini?"

Usiulize hivyo. Nasema kwa sababu nimekaa nikaiona bei ya haraka hiyo kwa watoto wa watu wengi.

Chukua mruko unaoitwa Lutz. Mtoto anatakiwa aondoke akiwa anarudi nyuma, ameegemea kali la nje, kisha azunguke kinyume na upande alioegemea. Mwili haupendi hivyo. Dakika ya mwisho kifundo kinalala, kali la nje linageuka la ndani, na hapo tayari ameruka mruko mwingine, unaoitwa flip. Kwa macho ya mzazi ni kitu kile kile, karuka, katua, tupige makofi. Lakini akifika ngazi za juu, jopo la ufundi linarudia video polepole na kuandika alama ya e pembeni, yaani kali silo, na pointi zinakatwa. Mtoto aliyejifunza Lutz akiwa na miaka minane kabla makali hayajakaa, akifika kumi na mbili analazimika kuivunja na kuijenga upya, na kuvunja mazoea ya mwili ni kazi kubwa kuliko kufundishwa mara ya kwanza.

Tena hesabu zenyewe haziko upande wa haraka. Kwenye mfumo wa alama wa kimataifa, Axel ya mizunguko miwili ina thamani ya msingi ya pointi 3.3. Kati ya miruko mikuu, Axel ndio pekee ambao mtoto anaondoka akitazama mbele, kwa hiyo una nusu mzunguko wa ziada, na watoto huuota usiku. Haya, akianguka, alama yake ya ubora inashushwa hadi -5, chini kabisa, na kila hatua ni asilimia 10 ya thamani, yaani nusu nzima imekwenda. Imebaki 1.65. Kwa wakubwa kuanguka kunakatwa pointi 1 nyingine. Umebaki na 0.65 na goti lenye jeraha. Wakati huohuo spini, yaani kuzunguka pale pale kama pia, ile ya mchanganyiko yenye kubadilisha mguu, ikifikia kiwango cha 4, cha juu kabisa, ina thamani ya 3.5. Spini! Ile ambayo watu hutumia muda wake kwenda kununua chipsi. Na spini ni makali matupu, mtoto anayejua kukaa juu ya kali lake anabaki pale pale kwenye tundu lake, asiyejua anasafiri nusu uwanja.

Mkanada anayetajwa sana kwa makali ni Patrick Chan, bingwa wa dunia wa 2011, 2012 na 2013. Ni mtoto wa wahamiaji kutoka Hong Kong. Utotoni alifundishwa Toronto na mzee Osborne Colson, ambaye alimshikilia kwenye misingi hadi mzee alipofariki 2006. Tafuta video zake, halafu zima sauti utazame miguu tu. Anavuka uwanja mzima kwa hatua chache na humwoni akisukuma.

Kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo, na wengi wetu tuna kidogo, mpango wangu ni huu: viatu kwanza, muda wa barafu na kocha baadaye, na kilichobaki ndicho cha gauni. Kisipobaki, gauni la kuazima lipo. Vilabu karibu vyote vina meza ya magauni yaliyotumika, na watoto wa umri huo hukua kabla gauni halijachakaa.

Kwenye viatu ndiko sisi Waswahili tunakokwama, kwa sababu tumelelewa kununuliwa kiatu kikubwa "akue nacho". Kiatu cha barafu hakina hiyo. Kikizidi, kisigino kinapanda na kushuka ndani, kifundo kinakosa mshiko, na hayo makali niliyoyaeleza yote yanakuwa hadithi. Mtoto anajikuta amelalia kali la ndani kutwa nzima, kocha anadhani ni uvivu. Kipimo chake ni hiki: avae soksi nyembamba au taitsi tu, asimame wima, vidole viguse mbele kidogo bila kujikunja, kisha apinde goti. Akipinda, vidole vinarudi nyuma nafasi kidogo na kisigino kinabaki kimekaa. Ukimwambia asimame kwa vidole na kisigino kikachomoka, rudisha. Na ile soksi nene ya sufu mnayomvalisha kwa ajili ya baridi, itoe. Miguu haipati joto kwa soksi, inapata joto kwa kuteleza.

Vya mitumba? Kwa wanaoanza, sawa, nimenunua na sijutii. Angalia tu ngozi ya kifundoni: ikiwa na mkunjo uliolala kama ganda la ndizi, mfupa wake umekwisha, hata wakikuuzia bei ya chai. Kuanzia anaporuka mizunguko miwili, nunua vipya kwa fundi anayepima mguu, navyo ni ghali. Kiatu na chuma chake vya ngazi hiyo hupita dola elfu moja za Kanada bila shida. Kuna majina mengi, Jackson ni wa hapahapa Kanada, kule Ontario, Edea ni wa Italia, Riedell ni wa Minnesota. Mtu akikwambia jina fulani ndilo la mabingwa, mwambie asante, kisha kanunue linalolingana na mguu wa mwanao. Wenye nyayo pana kama familia yangu wasione haya kusema dukani.

Kunoa nako kuna lake. Duka la vifaa vya hoki lililo karibu nawe litakubali kunoa, na kijana wa pale atapitisha jiwe la kunolea mpaka kwenye meno ya mbele, yale ya kuchomekea barafuni. Meno ya chini kabisa yakisagwa, mtoto spini zinamkataa na hamjui kwa nini. Muulize kocha nani anawanolea wachezaji wa madoido, nenda kwa huyo huyo kila baada ya saa 20 hivi za kuteleza, na usimpelekee siku moja kabla ya mashindano. Mengine ni ya nyumbani: afute vyuma vikauke kabla ya kuvivika vile vifuko vya kitambaa, kwa sababu ya kutu. Vile vifuniko vya plastiki ni vya kutembelea tu. Na kaza skrubu za chini ya soli, zinalegea zenyewe.

Kocha hulipwa kwa robo saa au nusu saa, na pesa yake haihusiani na ile unayolipa klabu kwa muda wa barafu. Hizo ni ankara mbili. Siku ya mashindano analipwa tena kusimama pembeni ya ukuta na mwanao, na mkisafiri mnagawana gharama zake na wazazi wengine. Uliza yote hayo kabla, kwa maandishi, bila aibu. Mwombe pia akuonyeshe katika somo la nusu saa anatumia dakika ngapi kwa makali. Kocha mzuri hilo swali litamfurahisha. Kama anachokuahidi ni mruko fulani kabla ya Krismasi, mshukuru na uendelee kutafuta.

Na kuna kanuni ya watu wawili, ambayo michezo ya Kanada inaihimiza: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Iwe chumba cha kubadilishia, iwe gari, iwe ujumbe wa simu wa usiku. Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu, na mimi mwanangu akimwamkia kocha wake nafurahi. Lakini kanuni hii usimwonee mtu aibu. Kaa jukwaani pale unapoweza, soma ujumbe, na anayekwambia wazazi hawaruhusiwi kutazama mazoezi mwaka mzima, ondoa mtoto wako.

Huko jukwaani nako tuna tabia zetu. Usimfundishe mtoto kwa kupiga kelele kutoka juu. Na mfundishe mapema adabu ya barafu: ambaye muziki wake unapigwa ndiye mwenye njia, mara nyingi amefungwa mshipi wa rangi kiunoni, wengine wanampisha. Mtoto anayesoma uwanja, akajua nani anarudi nyuma na kwa njia gani, anaanguka mara chache na makocha wanampenda.

Kuhusu mwili nitasema kwa ukali kidogo. Mifupa inayokua haipendi kurudia mruko ule ule mara hamsini kwa kutua mguu mmoja. Maumivu ya mgongo wa chini au ya nyonga yasiyoisha kwa kulala si ya kusuguliwa mafuta ya mkaratusi, ni ya daktari. Akipevuka, urefu na uzito vikibadilika, miruko itapotea kwa muda, na hapo ndipo watu huanza kumtazama sahani. Usikubali maoni ya uzito yatoke kwa kocha, kwa shangazi, wala kwa bibi kwenye simu ya video. Binti anayeteleza asubuhi anahitaji kula asubuhi, chapati mbili na mayai, kisha shule, kisha ale tena. Shirikisho la kimataifa lenyewe lilipandisha umri wa chini wa kushindana na wakubwa kutoka miaka 15 hadi 17, kwa uamuzi wa 2022, baada ya kesi ya dawa zilizokatazwa michezoni ya Kamila Valieva wa Urusi, aliyefika Olimpiki ya Beijing akiwa na miaka 15. Kwa hiyo ile hofu kwamba asipokuwa na miruko ya mizunguko mitatu akiwa na kumi na mbili amechelewa, siku hizi haina hata kalenda ya kuitetea.

Haya, nywele na ngozi, maana hapa mama wa Kizungu jirani hatakusaidia. Shanga kwenye rasta zitoe siku ya mashindano. Kitu chochote cha mapambo kikidondoka barafuni kinakatwa pointi, na zaidi ya pointi, shanga moja chini ya chuma cha mtoto anayefuata inaweza kumvunja. Suka ziende nyuma, fungia zote kwenye kibutu kimoja kilichobanwa, kwa sababu rasta ndefu kwenye spini zinachapa macho na zinamvuta shingo. Taitsi za "rangi ya ngozi" dukani ni rangi ya ngozi ya mwingine. Za kahawia zipo, agiza mapema. Tulipozikosa, tulichovya nyeupe kwenye rangi ya nguo ndani ya sufuria ya zamani, tukajaribu kwanza kwenye kipande cha soksi, na zikatoka sawasawa na miguu yake. Nusu ya wasichana weusi wa klabu sasa wanaleta zao tuchovye pamoja. Kofia ya nailoni chini ya kofia ngumu kwa wadogo inalinda nywele, na hakuna kocha aliyewahi kuikataa.

Kuhusu pesa, msione haya kuomba. Jiji la Calgary lina mpango wa Fair Entry kwa familia zenye kipato kidogo, na KidSport nao husaidia ada za michezo. Fomu zinachosha, lakini wanaojaza ndio wanaopata.

Swali la "atafika Olimpiki?" ndilo ambalo wajomba wataliuliza kila Eid na kila Krismasi. Mimi huwajibu kwa kuwatajia watu wawili. Wa kwanza ni Debi Thomas, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia 1986 akiwa anasoma Chuo Kikuu cha Stanford, akaja hapa hapa Calgary 1988, ukumbi wa Saddledome ule tunaoupita kwa treni, akachukua medali ya shaba. Alikuwa mwanamichezo mweusi wa kwanza kupata medali kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Baadaye akawa daktari wa upasuaji wa mifupa. Wajomba hapo hutulia, neno daktari limetajwa.

Wa pili hawamjui kabisa, na hilo hunishangaza kila mara. Robin Szolkowy alizaliwa Greifswald, Ujerumani Mashariki, 1979. Mama yake Mjerumani, baba yake Mtanzania. Alicheza kwa wawili na Aliona Savchenko, wakawa mabingwa wa dunia mara tano, na wakapata shaba ya Olimpiki Vancouver 2010 na Sochi 2014. Ubingwa wa kwanza wa dunia aliupata 2008, akiwa na miaka 28, baada ya miaka mingi barafuni ambayo hakuna gazeti la Dar lililoiandika. Mwanangu alipomwona kwa mara ya kwanza kwenye video aliuliza kama anajua Kiswahili. Nilimwambia sijui, lakini tazama anavyopinda goti.

Jambo la mwisho ni likizo, na dada wa Arusha najua litamfikia kufika Machi. Kambi za kiangazi zinakuwa Julai na Agosti, ambapo ndipo tiketi za kwenda nyumbani zinapokatwa. Utaambiwa mtoto akikosa wiki sita atabaki nyuma. Nenda nyumbani. Bibi hana msimu ujao wa uhakika, na mwili wa mtoto unahitaji mapumziko, uache kwa muda kutua kwa mguu mmoja. Mwache akimbie mchangani, aruke kamba, mambo hayo hayo kocha wake angemfanyisha kwenye sakafu kwa pesa. Mkipitia Nairobi, kuna uwanja wa barafu kwenye hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, uliofunguliwa 2005. Ni mdogo sana kwa aliyezoea uwanja wa hoki, ila kwa kukumbushia makali unatosha, piga simu kwanza uulize saa zao. Miruko mikubwa pale asijaribu.

Viatu vyake wakati huo viache Calgary vikiwa vikavu, na mkirudi pima mguu kabla hujalipa ada ya muhula. Watoto hukua sana wakila wali wa bibi.